Jibu Ni Yai

Ofisini walimwita Mama Kufuli, na hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuwaficha wanawake waliokimbia waume wenye mikono miepesi, na katika kazi hiyo mdomo mwepesi unazika mtu. Simu hakuiacha mezani hata akienda kunawa mikono. Mumewe alimtania kwamba hata usingizini anaongea kwa mafumbo.

Asubuhi hiyo alikuwa na faili la mama mmoja: picha za majeraha, maelezo yake, na nyumba alikojificha na mtoto. Wakili wake alilihitaji kabla ya kesi. Mama Kufuli akaliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni inayosimba kila kitu, asiye na nenosiri asione hata herufi moja ya maana, akatengeneza kiungo cha kulifungulia.

"Kiungo kitume kwa barua pepe," akamwambia mwenzake, mpenda maneno waliyemwita Chiriku. "Nenosiri mpigie wakili umtajie kwa mdomo. Viwili hivi visisafiri pamoja."

Chai ilikuwa bado ya moto mkononi mwake alipoiona barua yenyewe. *Kiungo hiki hapa. Nenosiri nimelirahisisha, ni jibu la: Nyumba yangu haina mlango. Liandike mara tatu, bila nafasi.* Akatazama waliotumiwa. Chiriku alikuwa amejibu barua ya zamani ya kesi, akabonyeza "jibu wote". Katika wote hao alikuwemo mume wa yule mama.

"Chiriku! Umefanya nini?"

"Wakili hapokei simu, dada. Nikaona nilifiche kwenye kitendawili, mtu wa nje asijue."

"Mtu wa nje yupi? Huyo mwanamume hakulelewa na bibi? Mtoto wa chekechea atakwambia 'yai' kabla hujamaliza kutega!"

"Sikujua kama na yeye yumo kwenye..."

"Hukutazama! Ujanja wako utamtoa mtu roho!"

Mama Kufuli akakifuta kiungo, kisha akafungua kumbukumbu za faili. Lilikuwa limefunguliwa mara moja. Wakili alipopatikana, akaapa kwamba alikuwa mahakamani tangu asubuhi na hajafungua chochote. Mama Kufuli alitamani kumzaba mtu kibao, na wa karibu alikuwa Chiriku, ambaye sasa alikuwa analia. Machozi yale yalimchukiza zaidi. Alimchukia Chiriku, akamchukia wakili na simu yake, na zaidi ya wote akamchukia yule aliyekuwa ameketi mahali fulani akisoma jina la mtaa, pengine akicheka jinsi kitendawili kilivyokuwa rahisi.

Akaagiza gari la ofisi litangulie, ndipo akapiga simu.

"Mdogo wangu, mchukue mtoto na mnachoweza kubeba mkononi. Gari liko njiani."

Upande wa pili mtoto alisikika akiimba peke yake.

"Tena, dada?"

"Tena. Wewe hujakosea kitu. Kosa ni letu, la ofisi yetu."

"Tangu tutoroke mtoto alikuwa analala na viatu," yule mama akasema taratibu. "Juzi ndiyo kwanza amekubali kuvivua."

Mama Kufuli akafumba macho.

"Mvalishe," akasema. "Mvalishe sasa hivi."