Bawaba na Masikio ya Baba

Dada yangu hakuzaliwa na sauti ile ya kukwaruza. Aliipata karakanani kwa baba, fundi wa kuchomelea mageti, ambako ukitaka kuomba koleo grenda ya kukatia chuma ikiwa inanguruma, unaomba kama mtu anayezama. Tangu darasa la tatu yeye alikuwa anaomba koleo. Wateja wakambandika jina Bawaba.

"Fundi, mtie grisi mwanao, analia kama geti bovu!"

"Geti lako halijaisha, unalitakia nini la kwangu?" baba akajibu.

Vizibo vya masikio vilikuwa jozi moja tu, vile vikubwa vya kuvaa kichwani. Baba alimvisha Bawaba. "Chuma hakihitaji kusikilizwa. Wewe ndiye unayetaka muziki." Kisha akawasha grenda, kichwa wazi. Miaka kumi na moja hivyo.

Gitaa la kwanza baba alimchomelea mwenyewe kwa mabaki ya mageti. Zito kama mlango wa jela, nyuzi zake waya za breki za baiskeli. Halikuimba, lilinung'unika. Bawaba na wenzake wawili wakajifungia stoo ya rangi kufanya mazoezi ya roki, na baba akawa anabisha hodi.

"Mama, niimbie hata wimbo mmoja."

"Bado, baba. Subiri kwanza."

Alitaka baba amsikie mara ya kwanza akiwa jukwaani, na gitaa la umeme. Mimi nikadhani ni maringo. Kumbe alikuwa anaona haya.

Hiyo "bado" ilichukua miaka miwili. Baba naye akaanza kuitikia "ndiyo" kwa kila swali, hata ukimuuliza saa ngapi. Tulimcheka mezani. Mimi niliyeisoma diploma ya umeme mpaka katikati, waya huo sikuuunganisha.

Onyesho la kwanza lilikuwa alasiri, ukumbi wa shule. Baba alikaa mbele kabisa, na shati lake la harusi. Bawaba alipopaza sauti, vioo vya madirisha vilitetemeka. Baba alikuwa anatazama watu. Wakipiga makofi, naye anapiga.

Karibu na mwisho wa wimbo wa tatu muziki ulikatika, kimya cha makusudi kabla ya ukelele wa mwisho. Mikono ikasimama kwenye nyuzi. Baba akadhani wimbo umekwisha. Akasimama, akapiga makofi peke yake.

Watu wakaangua kicheko. Bawaba akashuka jukwaani, akainama sikioni kwake, akapaza sauti ile ile ya kuombea koleo:

"Baba, umenisikia?"

"Ndiyo," baba akasema.