Kizimamoto cha Baba Mkubwa

Niliusikia mlio kabla sijafumbua macho: ko, kimya, ko, kimya. Ulikuwa mlio mzito, wa chuma kilichoshiba. Nilikuwa nimekwenda Nyakisasa kumtembelea baba mkubwa, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Nikaufuata mlio hadi nyuma ya jiko.

Baba mkubwa alikuwa amechuchumaa, patasi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Katikati ya magoti amekibana kizimamoto chekundu, kile kilichoning'inia ukutani zamani alipokuwa na mashine ya kusaga. Mashine aliiuza, kizimamoto kikabaki pembeni mwa ghala, kikiota kutu kwenye kitako.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umeamka, mwandishi? Njoo ushike hapa, nikate kitako."

Rimu ya lori iliyokuwa kengele ya kigango chao ilikuwa imeibwa, naye alisimama mbele ya waumini akaahidi nyingine kabla ya Jumapili. Huku kwetu chuma chochote chenye tumbo tupu ni kengele inayosubiri kamba. Lakini hiki hakikuwa kitupu. Mshale wa geji ulikuwa umeshuka, ila haujafika mwisho.

"Bado kina mgandamizo," nikasema. "Ukikipasua kitakurukia usoni."

"Hiki? Kilikufa hata shule hujaanza! Au vitabu vimekufundisha kuogopa chupa?"

Akainua nyundo. Mama mkubwa akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Mzee, lile dumu la pombe ya ndizi ulilolikaza kabla pombe haijatulia, kifuniko chake tulikiokotea wapi?"

Nyundo ikasita hewani. "Kwa jirani."

"Na lile lilikuwa la plastiki."

Nyundo ikashuka polepole, ikalala majanini.

Nikapiga simu kwa watu wa zimamoto wilayani. Mama mmoja akajibu kwa sauti isiyo na haraka: asikitoboe, asikitie motoni, asikitupe kwenye shimo la taka. Akilete. Kingekuwa kizima wangemwelekeza pa kukijaza. Lakini kama kitako kimeliwa na kutu, hakijazwi tena. Watakitoa mgandamizo na unga wake wa kuzimia moto, ndipo kibaki chuma kama chuma kingine.

Baba mkubwa alisikiliza huku akifuta viganja kwenye suruali. Nilivitazama vidole vyake, vyote vipo, nikashusha pumzi.

Baada ya chai alikisimamisha ndani ya ndoo, akakizungushia majani makavu ya migomba kisigongwegongwe njiani, akamwita bodaboda. Mlangoni akageuka.

"Wakimaliza nitawaomba chuma changu. Niliahidi watu."

"Kwanza rudi wewe," akasema mama mkubwa, akampa kofia yake, kisha akaufunga mlango nyuma yake.