Sauti ya Pili

Kwaya yetu ilikuwa na sauti nne, na mimi peke yangu niliimba sauti ya pili. Si sauti ya kusikika sana. Ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo, hata mtoto anayepita njiani huishika. Ya pili huenda chini yake kidogo, na mtu akiiimba peke yake watu hudhani amekosea. Mimi naona haya kusema mbele za watu, kwa hiyo sauti ile ilinifaa. Nikiwa ndani ya wimbo niliweza kufungua kinywa bila mtu kunitazama.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenifundisha kusoma na kuandika mpaka nikamaliza darasa la nne. Kila mazoezi alituambia kwamba kanisani hakuna kazi ndogo. Anayehubiri, anayeimba, anayefagia na anayeteka maji ya ubatizo, wote ni viungo vya mwili mmoja. Nilimwamini kabisa. Maneno yale nilitembea nayo, maana sikuwa na kitu kingine cha kujivunia.

Mwaka huo tulimaliza kuezeka kanisa jipya kwa mabati. Siku ya kulifungua walialikwa wageni wengi, na Bwana Shauri mwenyewe, Mwingereza mkuu wa wilaya, angepanda mlimani kwetu kutoka bomani Same. Wimbo wa siku hiyo tulianza kujifunza maharage yakiwa hayajachanua, tukaumaliza yamekwisha kuvunwa.

Wiki ya mwisho rafiki yangu, aliyeimba sauti ya kwanza, aliniomba nimfundishe ya pili.

"Ya nini, na wewe una yako?" nilimwuliza.

"Nataka tu kuijua. Unaninyima?"

Tulikuwa tukiteka maji pamoja kila asubuhi. Njia ya kwetu ni nyembamba na ina mteremko, watu wawili hawaendi sambamba. Basi mimi nilitangulia na mtungi kichwani nikiimba, yeye akafuata nyuma akiniigiza. Akikosea nilisimama, naye akasimama, tukaanza tena. Nilimwonyesha hata mahali pa kuvuta pumzi. Ilipofika Ijumaa aliijua yote, na nadhani mimi nilifurahi kuliko yeye.

Jumamosi jioni, mazoezi yalipokwisha, mwalimu aliniita kando.

"Kesho utawasaidia mama zako jikoni. Wageni ni wengi."

"Nikishaimba, mwalimu?"

"Hutaimba." Alikuwa akitazama mlango. "Binti yangu, si umenisikia nikifundisha? Huduma zote ni sawa."

Nilisema, "Ndiyo, mwalimu." Sikujua namna nyingine ya kumjibu mtu mzima. Nikaenda nyumbani nikilitafuta kosa langu, nisilione.

Jiko lilikuwa nyuma ya kanisa, chini ya banda la majani ya migomba. Wali wa wageni ulikuwa kwenye sufuria moja, na makande yetu sisi wengine yalikuwa kwenye vyungu vikubwa. Nilipoingia, mama mmoja aliyekuwa akichochea kuni alicheka.

"Leo tumeletewa mwanakwaya."

"Ayaimbie makande yaive," mwenzake alisema. "Sisi tumeyabembeleza tangu alfajiri, hayatusikii."

Nilianza kulia. Mama yangu alinipa mwiko. "Koroga, yasishike chini," alisema. Halafu, bila kunitazama, "Mimi nipo kwenye moshi huu tangu kanisa likiwa la nyasi. Hukuwahi kuniuliza kama ninaonewa."

Nilikoroga. Ndipo kwaya ikaanza, na chini ya sauti ya kwanza nikaisikia ya pili. Ilikuwa ya rafiki yangu. Alivuta pumzi palepale nilipomwonyesha.

Baada ya ibada mzee wa kanisa aliwashukuru mafundi, waimbaji, na Bwana Shauri kwa kupanda mlima. Kisha akawashukuru "na wengine wote." Wale mama waliendelea kupakua. Kama tungeviacha vyungu vile, sherehe ingekwisha palepale na wageni wangeshuka Same na njaa, lakini hakuna aliyefikiri kuviacha.

Rafiki yangu alikuja jikoni amevaa gauni jeupe na viatu.

"Usinikasirikie," alisema. "Mwalimu alitaka mstari wetu wa mbele wote wawe na viatu. Aliniambia tangu Jumatatu."

"Na hukuniambia."

"Alinikataza. Na ungejua, ungenifundisha?"

"Ningekufundisha," nilisema. Sijui kama ni kweli. Alichonichukulia ni nafasi ya kulijua jibu hilo.

Kuhusu mwalimu nimefikiri sana. Kazi ya jikoni kweli ni sawa na ya kuimba. Niliiona kwa macho yangu. Lakini yeye neno lile alilitumia kunitoa mimi. Yeye mwenyewe hakutoka, wala hakumtoa mwenye viatu. Kama angesema, "Huna viatu," ningeumia siku moja tu.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na wageni. Nilikaa nyuma pamoja na mama yangu na wale wenzake. Rafiki yangu alikuwa amerudi kwenye sauti yake, kwa sababu ya pili aliijua katika wimbo ule mmoja tu. Mwalimu aliniona, akaninyoshea mkono mbele ya watu wote.

"Njoo mahali pako."

Mama alisogeza magoti ili nipite. Sikuinuka. Mwalimu alingoja, mkono ukiwa bado hewani, kisha akaushusha na kuanzisha wimbo. Niliimba sauti ya kwanza kama wale mama walionizunguka. Wimbo ulifika mwisho, na nadhani wengi hawakusikia kilichopungua. Mimi nilikisikia katika kila ubeti, na kwa jinsi alivyokuwa akigeuza kichwa, mwalimu naye alikisikia.