Kifaranga Begani kwa Bibi

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, na ni mtu wa maneno. Akikosa wa kumsema, anakisema kitambaa. Nguo zote za binti yangu anazishona yeye, na zote zina mkono wa kushoto mfupi na mpana, kwa sababu mkono wa mtoto mwenyewe umejikunja tangu azaliwe. Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Kiganja cha kushoto kinakaa ngumi, kiwiko hakinyooki, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza bila kupepesa macho kwamba mkono usipotumika utakakamaa hivyo hivyo. Lakini autumie wa nini? Wa kulia upo, unafanya kila kitu. Tukimwambia aunyooshe, analia.

Ndipo mtaalamu akaleta mchezo wake. Kamera inamtazama mtoto, na kwenye televisheni chumba kinaonekana kama kilivyo, naye yumo ndani, ila humo wanatua vifaranga wa manjano ambao chumbani hawapo. Ukipeleka mkono hadi pale alipo kifaranga, anapiga kelele na kurukia kapuni. Kiti kitupu kiliwekwa upande wa kushoto ili watue hapo. Binti yangu aliwapenda mno, lakini mjanja yule! Alikuwa anajipinda kiuno kizima na kuwachukua kwa mkono wa kulia.

Siku moja mama mkwe, miguu imemchosha, akaenda kujibwaga kwenye kile kiti.

"Mama, hapo ni pa kifaranga!" mtaalamu akasema.

Akainuka mbio. "Samahani, mwanangu, sikukuona," akakiambia kiti, akakipangusa kwa kiganja. Nilicheka hadi machozi. Alipotazama televisheni, kifaranga alikuwa ametua begani kwake. Kamera ilimdhania kiti.

Akaganda pale pale, hakuketi wala hakusimama. Mkono wa mjukuu alikuwa ameushika, ule wa kulia, kama anavyoushika siku zote.

"Njoo umtoe, mke mwenzangu," akanong'ona, "kabla hajaninyea."

Mtoto akacheka, akauvuta mkono wa kulia. Bibi hakuuachia. Hata hakukumbuka kwamba ameushika.

Basi ule wa kushoto ukaanza kuinuka. Sijui nieleze vipi. Kiwiko kilifunguka polepole, kikitetemeka, kama mlango uliofungwa miaka. Vidole vikaachana kimoja kimoja. Kifaranga akapiga kelele, akarukia kapuni, televisheni ikapiga muziki wa ushindi, na mkono haukusimama. Ulilipita bega, ukafika shavuni kwa bibi yake, ukatulia pale, kiganja wazi. Mtoto hakuwa anatazama televisheni tena. Tangu nianze kumwogesha, sikuwahi kuuona mkono ule ukimwendea mtu.

Mama mkwe akaufunika mkono ule kwa kiganja chake, hapo hapo shavuni.

Jioni akalitandaza mezani gauni alilokuwa karibu kulimaliza. Akaufumua mkono wa kushoto, ule mfupi, akakata mwingine, mrefu sawasawa na wa kulia.

"Mama, si utamzidi?" nikauliza.

"Umzidi," akasema, huku akitunga uzi kwenye sindano. "Ataufikia."