Jinamizi la Saa Sita Mchana

Zamani, ukitaka kuongea na mtu aliye mbali, ulipitia kwanza mikononi mwa mwanamke aliyekaa macho kwa ajili yako. Leo unagusa kioo kwa kidole gumba, na hakuna aliye macho kwa ajili ya mtu yeyote.

Wanawake hao nilifanya kazi nao miaka kumi na tisa. Walikuwa kumi na mmoja, katika chumba kirefu cha kuunganishia simu, ghorofa ya pili, tulichokiita switchi, wakikaa kwenye viti virefu mbele ya ubao uliojaa matundu na vitaa vidogo. Kitaa kikiwaka, mmoja anachomeka waya, anauliza nambari, anachomeka waya wa pili kwenye tundu jingine, na watu wawili ambao hawajaonana mwaka mzima wanasikizana hadi pumzi. Mimi nilikuwa karani wa zamu. Meza yangu ilikuwa karibu na mlango, na juu yake daftari kubwa lenye mistari niliyoipiga mwenyewe kwa rula: nani anaingia saa ngapi, nani anatoka, nani amembadilisha nani. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki nilijisomea kwenye vitabu vilivyopoteza majalada, na mwandiko wangu, nasema bila haya, ulikuwa mzuri kuliko wa meneja.

Ninayetaka kumweleza hapa tulimwita Bi Subiri. Wenzake walilitamka neno "subiri" kama watu wanaofunga mlango. Yeye alilitamka kama anayekuvutia kiti. Mumewe alikuwa fundi wa kuchimba visima, mtu wa kukaa porini miezi miwili mitatu, anarudi wiki moja ngozi imebabuka kwa jua, anaondoka tena. Walipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, na hapo ndipo alipozaliwa binti yao wa kwanza.

Sasa niseme jambo ambalo vijana wa leo hawataliamini. Mwenzetu akijifungua na kurudi kazini, hakuachwa apambane na hali yake. Tulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote ila kwenye daftari langu, tukauita kumegeana. Kila mwanamke alimega kipande cha zamu ya mzazi akakifanya yeye, ili mzazi apate mwanya wa kukimbia nyumbani kunyonyesha. Bi Subiri alipendwa, kwa hiyo alimegewa kuliko wote. Leo aliingia saa kumi alfajiri akatoka saa mbili asubuhi, akarudi saa tisa alasiri hadi magharibi. Kesho yake saa nne usiku hadi saa nane. Keshokutwa mchana mtupu. Akiwa kazini, mtoto alikaa na mke wa muuza vioo. Mimi niliandika kila badiliko, nikatia sahihi pembeni, nikajiona mtu mwema.

Mtoto alikuwa na miezi saba siku nilipoingia kwenye chumba cha mapumziko kuchukua kikombe changu. Ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana, jua limejaa dirishani. Bi Subiri alikuwa amelala chali kwenye kochi, macho wazi, anatazama juu.

"Dada, chai yako inapoa."

Nikachukua kikombe changu, nikamgeukia tena.

"Au umeninunia? Kama ni ile zamu ya Jumapili, si mimi. Ni Pilipili ndiye aliyeing'ang'ania."

Hapo nikaona machozi. Yalikuwa yakishuka kutoka pembe za macho hadi masikioni, na uso wenyewe hausogei hata kidogo. Nikadhani amepooza. Nikamshika bega. Alishtuka kwa nguvu, mkono wake ukanipata puani.

"Umeniokoa, kaka," akasema, anahema.

"Na wewe umenivunja pua."

Hakucheka. Aliweka kiganja kifuani. "Alikuwa amekaa hapa."

"Nani?"

"Simjui. Hana uso. Kwanza alisimama pale mlangoni, kisha akaja akanikalia. Wewe nimekusikia, na chai yako, na Pilipili wako. Nilikuwa nakuita, kaka, kaka. Mdomo ukakataa."

Jinamizi. Nani asiyelijua jina hilo? Wenzake walipolisikia kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alisema ageuze kitanda. Mwingine alisema ni maharage, asile usiku. Pilipili, ambaye ulimi wake ndio uliompa jina hilo, alisema dawa ni kumwuliza jinamizi anataka nambari gani, aunganishwe aondoke. Walicheka wote, na Bi Subiri akacheka nao kidogo, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni alisimama mezani kwangu muda mrefu, anazungushazungusha kifuniko cha wino.

"Mimi sijiogopei," akasema. "Jumanne iliyopita nilikuwa nimelala na mtoto nyumbani, mchana. Nikazinduka, mwili umefungwa. Nikamwona anabingirika kuelekea ukingoni. Namwona, kaka. Ananitazama anacheka. Akabingirika tena, akaanguka, akalia, na mimi macho yamenitoka, sinyanyui hata kidole."

"Aliumia?"

"Nundu tu, hapa kwenye paji. Lakini ingekuwa jiko? Ingekuwa maji ya moto?" Akaweka kifuniko chini. "Wifi yangu anakuja Jumamosi kumchukua. Nimemwita mwenyewe. Mtoto atakaa kwake mpaka akue."

"Mpaka akue lini?"

"Mpaka aweze kuniamsha."

Nilimwambia aende kwanza kwa daktari mzee wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Alikwenda kesho yake asubuhi, akarudi amekasirika.

"Daktari gani yule! Hata kidonge kimoja hakunipa. Anauliza nalala saa ngapi."

"Ukamjibuje?"

"Nalala nikipata. Akaniambia nikaandike wiki mbili zilizopita, siku kwa siku. Kaka, nani anakumbuka alilala lini? Hebu fungua daftari lako."

Tulikaa pale mezani, mimi napiga mistari kwenye karatasi, yeye ananisomea. Zamu hii ilikwisha saa mbili, basi nililala saa tatu. Hii ilikwisha saa nane usiku, nililala saa kumi, mtoto akaniamsha saa kumi na mbili. Tulipomaliza nilihesabu. Katika siku kumi na nne alikuwa amelala kwa nyakati kumi na moja tofauti, na hakuna mara hata moja aliyolala saa nne mfululizo. Jinamizi lilimjia mara nane, na mara saba kati ya hizo lilimjia alipotolewa usiku na kuingizwa mchana, au kinyume chake. Pembeni mwa kila badiliko palikuwa na sahihi yangu, safi, yenye mkia mrefu niliokuwa nikijivunia.

Nilikwenda naye zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Daktari aliitazama karatasi, akaniuliza mimi, "Huyu ni binadamu au saa ya ukutani?" Kisha akatueleza taratibu, kama mtu anayejua kwamba hatukusoma na asiyetudharau kwa hilo. Mtu anapoota, alisema, ubongo huufunga mwili ili asirushe mateke na kujiumiza. Akiamka, kufuli hufunguka. Lakini mtu aliyekatwakatwa usingizi, mwenye wasiwasi, asiyejua kesho atalala saa ngapi, ubongo wake huweza kuamka nusu: macho yamefunguka, kufuli bado, na ndoto nayo haijatoka chumbani. Kwa hiyo anamwona mtu mlangoni na anasikia uzito kifuani. Hali hii huwapata zaidi wanaolala chali.

"Kwa hiyo si mtu?" aliuliza Bi Subiri.

"Si mtu. Sababu zote hatuzijui, nisikudanganye, na wengine huwatokea bila sababu tunayoiona. Lakini haliui, na kwako wewe ningeanza na hii karatasi. Lala wakati mmoja kila siku. Lala ubavu. Na likija usipigane nalo kwa mwili mzima, utachoka na utaogopa zaidi. Tafuta kitu kidogo kabisa, kidole cha mguu au ulimi, ukitikise hicho tu."

Alitoka ameikunja karatasi mkononi. Barabarani akasimama. "Watakasirika," akasema. "Wamenisaidia kwa moyo wao wote, nitawaambiaje?"

Niliwaambia mimi, zamu zilipokutana saa saba mchana. Niliwaonyesha karatasi. Vitaa viliendelea kuwaka, na msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akawa anaunganisha watu peke yake.

"Yaani tumemsaidia miezi mitatu," alisema Pilipili, "halafu kumbe jinamizi lenyewe ni sisi!"

"Ni sisi na daftari la huyu," akasema mwingine, akaninyooshea kidole.

"Wenzangu, sikusema hivyo," Bi Subiri alianza.

"Nyamaza wewe, huna usingizi wa kubishania." Pilipili akanigeukia. "Karani, unataka nini? Sema kwa lugha ya watu, usitusomee kitabu."

Nikasema nataka mtu mmoja achukue usiku wake wote, asimegewe tena chochote, naye apewe zamu moja isiyobadilika, saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, miezi mitatu. Kanuni za idara zilikataza. Kila mmoja lazima azunguke. Tulimtazama msimamizi. Aliendelea kuchomeka nyaya zake, mgongo ametupa sisi.

"Mimi mbona sisikii?" akasema. "Nina vidude masikioni."

"Basi usiku wake ni wangu," Pilipili akasema. "Mume sina, mtoto sina, na paka wangu halalamiki. Ila, Bi Subiri, ukija kunenepa kwa usingizi nitakushtaki."

Nilipiga mstari mwekundu kwenye daftari, nikaandika. Safari hii mkia wa sahihi ulipinda.

Ikabaki Jumamosi. Wifi alifika na kikapu na blanketi jipya, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Mimi nilikuwapo kwa sababu Bi Subiri aliniomba nije na karatasi, kana kwamba mimi ni shahidi mahakamani.

"Wifi, nipe mwezi mmoja," alisema Bi Subiri. Alikuwa amempakata mtoto kwa mikono yote miwili. "Mwezi mmoja tu. Nikishindwa nitamleta mwenyewe kwako."

"Uliniita kwa kilio, wifi yangu. Nimeacha nyumba yangu na watu wangu. Sasa mtoto akianguka tena ndani ya mwezi huo, nitamwambia nini kaka yangu?"

Bi Subiri alinigeukia mimi. Nami nilikuwa na maneno ya daktari, lakini mbele ya mwanamke yule yalionekana madogo. Wifi alichukua karatasi yangu, akaiangalia juu chini, akanirudishia. Akamtazama mtoto, ambaye nundu yake ilikuwa bado haijaisha vizuri. Kisha akavua viatu.

"Haya. Mtoto haendi. Ninayebaki ni mimi. Nitalala hapo chini, na wewe utalala ubavu kama ulivyoambiwa, nikikukuta chali nakugeuza kama chapati."

Wiki ya kwanza lilimjia mara tatu. Wiki ya pili mara mbili. Ile mara ya pili, aliniambia asubuhi akivua kanga mabegani, alitikisa kidole cha mguu hadi wifi akaona shuka linacheza. Wiki ya tatu mara moja. Wiki ya nne hakuna. Wifi alikunja blanketi, akaondoka na kikapu chake kama alivyokuja, na mtoto akabaki. Sisemi kwamba halikurudi kamwe. Lilirudi mara moja moja, mumewe alipochelewa kurudi, au alipougua. Lakini alijua linakopita na linakotokea, na hakumwita tena mtu yeyote aje kumchukulia mwanawe.

Miaka minne baadaye waliifunga ile switchi. Ililetwa mashine ya kabati, haina masikio, haina mtoto mchanga, haihitaji kumegewa. Msimamizi alistaafu. Pilipili alifungua genge la mboga. Daftari langu nilitaka kulichukua. Wakasema ni mali ya idara, kisha nikaliona kwenye rundo la takataka uani, limelowa mvua. Sasa mjukuu wangu analinda ghala, na zamu zake anatumiwa na mashine usiku wa manane: kesho alfajiri, keshokutwa jioni. Anakuja kwangu macho mekundu. Nikimwuliza ni nani aliyezipanga, anasema hakuna mtu.

Miezi michache baada ya switchi kufungwa, mume wa Bi Subiri alipata kazi ya kudumu mahali pa mbali, wakaamua kuhama. Idara ilinipa barua yake ya utumishi nimpelekee. Nilifika alasiri. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye maboksi, mlango uko nusu wazi. Binti, wakati huo ana miaka mitano, alitokea peku na kuziba kizingiti kwa mwili wake mdogo.

"Mama amelala."

"Mwamshe basi, mwanangu. Mwambie ni karani."

"Sitaki. Ataamka mwenyewe."

Juu ya kichwa chake nilimwona Bi Subiri kwenye godoro lililobaki, amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, anakoroma kama mwanamume. Mtoto alinitazama mpaka akaridhika kwamba siingii. Kisha akarudi, akapanda godoroni, akajisukuma chini ya mkono wa mama yake. Mkono ule, bila mwenyewe kuamka, ukamvuta karibu.

Niliweka barua juu ya boksi lililokuwa karibu na mlango, nikaurudisha mlango polepole. Waliondoka Jumatatu.