Silinda ya Mbere

Mtu akisikia kwamba niliishi Kigali mwanzoni mwa miaka ya tisini, huniuliza jambo moja tu, na hushusha sauti kabla ya kuliuliza. Simlaumu. Lakini kabla ya hayo anayoyataka kuna mwaka mmoja ambao ni wangu, na sitaki umezwe. Mwaka huo nilifunga injini.

Gari lilikuwa la baba. Lilikuwa la Kifaransa, la spoti, la viti viwili, rangi ya kijani, na lilinizidi umri. Mhandisi mmoja Mzungu, ambaye baba alimwendeshea kwa muda mrefu, alilitesa mpaka injini ikaanza kugonga, kisha alipoondoka nchini akamwachia baba, kama mtu anavyoacha kiatu kimoja nyumba ya wageni. Baba alilikokota hadi kwetu Gatsata, akaliweka uani chini ya mabati, akaitoa injini na kuifungua yote. Akapeleka krenki ikachongwa. Akanunua pistoni, ringi na beringi mpya, akavipaka grisi na kuvifunga katika magazeti. Kila hatua aliiandika katika daftari la shule, kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyojifunzia kazi. Kisha akaugua, akafa, miaka miwili baada ya mama. Injini ikabaki katika ndoo tatu na sanduku moja.

Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mwaka wa tatu wa sekondari, na nyuma yangu walikuwa mdogo wangu wa kiume na mdogo wangu wa kike, wote wa shule ya msingi.

Siku ya kumaliza matanga, Data wacu, yaani baba yetu mdogo, alisimama mbele ya ukoo akatugawa. Mvulana angekwenda kwake Niboye kumsaidia dukani. Msichana angekwenda kwa shangazi huko Ndera. Mimi ningetafutiwa mume. Nyumba ingepangishwa, na gari lingeuzwa kwa watu wa chuma chakavu. Alivisema vyote kwa sauti moja, watoto na chuma.

Nilisema hapana. Nilisema naacha shule, naenda kufanya kazi gereji, na watoto hawa watalala wanapolala.

Akacheka. "Utawalisha nini, grisi? Sikiliza. Siku gari hilo likitoka kwenye geti hilo kwa injini yake, ndiyo siku nitaamini unaweza kushika nyumba."

Ukoo ukacheka naye. Mimi nikamuuliza shangazi kama amesikia. Akasema amesikia. Nikawauliza na wengine, mmoja mmoja, mpaka kicheko kikawaishia. Ilikuwa dhihaka, lakini aliitamka mbele ya watu, nami nikaishika kama ahadi. Data wacu aliona amejifunga, akaongeza masharti: mpaka mwaka uishe, si zaidi.

Gereji ilikuwa chini yetu, kando ya barabara inayoteremka Nyabugogo. Mwenyewe alikuwa fundi wa zamani, mtu aliyekulia Bujumbura, rafiki wa baba. Alinipa brashi, mafuta ya taa na vyuma vya kuosha. Baada ya miezi sita nilikuwa nasaga valvu. Dereva mmoja wa lori aliponiona nimeinama juu ya silinda hedi alimuuliza fundi kama siku hizi injini zinapikwa. Nikamwambia alete yake, nitatia chumvi. Tangu hapo aliniita mpishi, lakini lori lake alikuwa akiniletea mimi.

Jumapili mchana, na siku nyingine saa moja au mbili kabla ya giza, nilifanya kazi ya nyumbani. Giza likiingia tuliacha, maana wakati ule mtu hakutembea ovyo baada ya jua kuzama, na fundi alipaswa kufika kwake. Niliosha bloku mara tatu mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nilipima nafasi ya kila ringi ndani ya silinda kabla ya kuivalisha pistoni. Fundi alikaza boliti kubwa, mimi nikarudia kuzihakiki kwa spana ya kipimo, naye hakukasirika. Mdogo wangu wa kike alikaa juu ya ndoo akatusomea daftari, kwa sababu mimi sikutaka kuutazama mwandiko ule na mikono yangu inafanya kazi.

Siku ya kupanga waya za plagi alisoma mstari huu: "Silinda ya mbere iko nyuma."

Fundi akaweka spana chini, akacheka mpaka akafuta macho. "Ya mbele iko nyuma! Basi na mlango iko kwa paa."

Nasi tukacheka. Hapa lazima nieleze masikio yetu. Kigali, mtu anayetumia Kiswahili huchanganya r na l bila kujua. Atakwambia anakwenda kura, nawe utajua anakwenda kula wala hutasubiri matokeo. Sikio hulisahihisha neno lenyewe, kimyakimya. Kwa hiyo baba aliandika mbere, na sote watatu tukasikia mbele. Silinda ya mbele iko nyuma: maneno ya mtu mwenye homa. Fundi alisema kwa upole kwamba hapo mgonjwa alikuwa ameshaanza kuchoka. Iliniuma, lakini sikubisha. Tukahesabu silinda kama fundi alivyozihesabu siku zote katika pikapu za Kijapani: ya kwanza ni ile ya huku mbele kwenye rejeta, ya nne ni ile ya kule nyuma kwenye giaboksi. Tukachomeka waya, tukasonga mbele.

Kuiingiza injini kulituchukua siku mbili. Tulisimamisha miti mitatu ya mikaratusi, tukaifunga kileleni, tukaning'iniza mnyororo wa kuinulia. Sahani ya klachi niliiweka katikati kwa kijiti nilichokichonga kutoka mpini wa ufagio, kwa kuwa chombo chenyewe hatukuwa nacho. Injini ikashuka kidogo kidogo, ikagusa giaboksi, ikagoma. Fundi alisukuma, nikasukuma, ikagoma. Hatimaye mdogo wangu wa kiume akaigeuza krenki kwa spana kiasi cha upana wa ukucha, na ikaingia kama droo. Tulishangilia kwa minong'ono tu. Tuliogopa isije ikatusikia.

Jumamosi iliyofuata, mwaka ukiwa umebakiza wiki mbili, Data wacu alikuja kutazama. Hakuja peke yake. Alikuja na mnunuzi wa chuma chakavu na pikapu yake.

Nilikaa kwenye usukani nikapiga starta. Injini ilizunguka vizuri, halafu kabureta ikatema moto kwa kishindo. Fundi aliruka. Nikapiga tena, ikatema tena. Mara ya tatu niliinama kuangalia, na nyusi zangu za kushoto zikaungua.

Data wacu alisubiri moshi upungue. "Hata yenyewe imeona huwezi," alisema. Kisha akawaambia watoto wafunge nguo zao. Kesho baada ya misa angerudi na pikapu ileile, ibebe vyote kwa safari moja. Nilipomkumbusha kwamba zimebaki wiki mbili, alisema kilichokufa hakihitaji wiki mbili.

Fundi alizunguka gari, akasikiliza chuma kikipoa. Kwa maoni yake mnyororo wa taiming tulikuwa tumeukosea, na injini lazima itoke tena. Wiki mbili, labda tatu. Akaniomba msamaha. Lakini ule mnyororo niliufunga mimi, nikauhakiki mara nne, na nilijua haukukosewa.

Asubuhi nilimkuta mdogo wangu wa kike amevaa nguo za misa, anapanga vitu vyake katika mfuko. Nilimwambia atoe. Alitoa kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye ripoti ya shule, akaishika.

"Shangazi nitamwonyesha hii," alisema. "Ajue nilikuwa wa mbere."

Sikio langu lilimsahihisha, kama kawaida. Kisha likasita. Mtoto hakusema alikuwa mbele ya darasa, karibu na ubao. Alisema alikuwa wa kwanza. Kwa Kinyarwanda chetu, wa mbere ni wa kwanza, na ndivyo tulivyosema nyumbani hata tulipokuwa tunaongea Kiswahili.

Nikamwambia arudie. Akarudia, akinitazama kama mtu aliyeungua zaidi ya nyusi.

Silinda ya kwanza iko nyuma.

Baba hakuwa na homa. Mzungu wake alimfundisha gari la Kifaransa, na Wafaransa wale walianza kuhesabu kwenye giaboksi. Nilikimbia uani na gauni la misa. Nikatoa plagi ya silinda ya nyuma, nikaweka kidole gumba kwenye tundu, nikamwambia mdogo wangu wa kiume azungushe krenki polepole. Alama za taiming zilipokuwa zinakaribia kukutana, hewa ilisukuma kidole changu juu. Nikafungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa umeme wa plagi: rota ilikuwa inaelekea namba moja. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa waya nne tulizozichomeka kinyume. Ya mbele nikaipeleka nyuma, ya nyuma nikaileta mbele, na zile mbili za katikati nikazibadilisha nafasi. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha maji.

Fundi alipita akitoka misa ya kwanza, amevaa koti lake jeusi. Nilimwonyesha daftari na waya. Alizifuata waya kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Na mimi nikamcheka," alisema. Halafu akaomba tuipige starta, tuhakikishe.

Nikakataa. Aliniambia ni ujinga, kwamba huenda kuna kasoro nyingine, kwamba nitajiaibisha mara ya pili mbele ya mnunuzi. Yote yalikuwa kweli. Nikamwambia Data wacu alikuwepo ilipotema moto, na atakuwepo itakapowaka. Sikutaka aje asimuliwe, maana jambo la kusimuliwa angelipunguza. Nilifunga boneti, nikaketi juu yake, nikangoja.

Walikuja saa tano. Mnunuzi aliingiza pikapu kinyumenyume hadi getini. Data wacu aliuliza iko wapi mifuko ya watoto. Nilishuka kwenye boneti. Niliingia, nikavuta choki, nikapiga starta.

Ilizunguka mara mbili. Mara ya tatu ikashika.

Sauti ile siwezi kuiandika. Ilikuwa ya chini, nzito, haina kugonga kokote ndani yake, na bati juu yetu likatetemeka. Fundi alivua kofia. Niliiacha ipate joto, nikitazama sindano ya presha ya mafuta na si uso wa mtu. Kisha nikawaita wadogo zangu, wakabanana wote wawili kwenye kiti kimoja.

Data wacu alisogea dirishani. Alisema mwanamke hawezi kuendesha gari kama hilo mjini, kwamba kuna vizuizi barabarani, kwamba hatukuelewana vizuri siku ile ya matanga. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyotufundisha baba. Mnunuzi, ambaye hakuhitaji kuelezwa, alikuwa ameshaondoa pikapu yake njiani. Lakini wakati wa kutoka alilisukuma geti, na upepo ukalifunga.

Nikatia gia ya kwanza, nikashikilia klachi.

"Data wacu," nilimwambia, "naomba utufungulie geti."

Alisimama pale. Injini ilinguruma bila kukatika, nami sikuwa na haraka. Ilikuwa mpya, na injini mpya haitaki haraka. Kisha akaenda akalifungua, bawa moja, halafu la pili.