Nilivyokwenda Kumfundisha Sista Kazi

Niseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Binti yangu Neema, wa miaka mitano, anasoma awali kwenye shule ya masista hapa Tangini. Kila jioni nilikagua daftari lake nikalikuta jeupe. "Tumecheza," ananiambia. Juzi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kulalamika.

Nilimkuta Sista anayemfundisha amelala mkekani, mkono umezungushiwa bandeji, watoto wanamtibu katika mchezo wa hospitali. Wazazi wawili walisubiri mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Karibu, baba Neema."

"Nimemleta mtoto asome, si acheze," nilisema kwa sauti iliyofika barabarani. "Ataandika lini?"

Sista hakukasirika. Aliinuka taratibu asiwaharibie watoto bandeji yao. "Kaa kwanza. Daktari anakuandikia cheti."

Kumbe Neema alikuwa ameinamia kipande cha boksi na penseli. Alipomaliza akakisoma mbele ya wote, kidole kikifuata kila silabi:

"Ba-ba a-na ke-le-le. A-la-le."

Wazazi wale waligeukia ukutani, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nilikipokea cheti changu. Hakukuwa na herufi hata moja iliyokosewa.